Ndege Aliyelia Mara Moja

Kisiwa kile hakina mtu. Ndivyo yasemavyo mabango ya bandarini, ndivyo wasemavyo waongoza watalii, na ndivyo anavyoapa msimamizi wa kampuni iliyokikodi: hakina nyumba, hakina njia, hakina unyayo. Mgeni hulipa, akavushwa kwa boti yenye viti laini na vinywaji baridi, akateremshwa penye mchanga mweupe uliotandazwa kama shuka ya arusi, akavua viatu, akatia mguu, akapigwa picha. "Wewe ndiye wa kwanza kukanyaga hapa leo na milele," huambiwa, naye huamini, kwa kuwa aliyelipia jambo huona uzito kulitilia shaka. Waliotangulia jana waliambiwa hivyo hivyo. Watakaofuata kesho wataambiwa vivyo.

Lakini mchanga haujifagii. Kila siku, kabla jua halijapanda, boti nyingine iliyochakaa huvusha wanawake wenye reki na fagio. Huokota vifuniko vya chupa, vishungi vya sigara na maganda ya matunda, kisha huzifuta nyayo za jana moja baada ya moja, wakienda kinyumenyume, ili reki ya kila mmoja ifute na nyayo zake mwenyewe. Hawavai viatu, maana kiatu huchimba. Simu zao hukusanywa ndooni kabla hawajashuka, wasije wakapiga picha ya kazi yao. Sare waliyopewa ni ya rangi ya mchanga, ili mgeni akitazama kwa mbali asijue kama ameona mtu au ameona ufuo. Kazi yao ikiwa njema haionekani, na wao wakiwa wema hawaonekani. Firimbi ikilia, hukimbilia botini, na kisiwa hakina mtu.

Mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kuliko wenzake walimwita Bi Kinyumenyume. Alikuwa mjane, mwembamba, asiyependa maneno, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma kama yeye: moja kwa moja, bila kugeuza shingo, mchanga ukibaki mbele yake kama uliotoka tanuruni mwa Muumba asubuhi ile. Msimamizi mwenyewe, ambaye wanawake walimwita Firimbi kwa kile alichokivaa shingoni, alikuwa akimsifu kwa wakubwa zake. "Yule bibi akipita," alisema, "ni kama hakupita mtu." Aliambiwa hayo, naye akayashukuru. Mtu akinyimwa sifa zote, hata sifa ya kuwa si kitu huipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani kwake palikuwa na vyumba viwili na ua. Humo aliishi na mwanawe wa pekee, aliyekuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Na mke wa mwanawe, binti mcheshi mwenye mimba ya miezi saba. Na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye wote walimwita Shangazi, mwenye miguu iliyovimba na ulimi usiovimba hata kidogo. Mchoraji alikuwa fundi kwelikweli, lakini maduka siku hizi huchapisha mabango ya plastiki kwa mashine, na brashi zake zilikuwa zimekauka koponi kama maua ya kaburini. Kwa hiyo nyumba nzima ilisimama juu ya reki mbili: ya mama mkwe na ya mkwe. Na sharti la reki lilijulikana. Atakayekosa siku moja, nafasi yake ina mwenyewe.

Asubuhi ile Shangazi aliwaona wakijifunga kanga juu ya sare, akaguna kutoka kitandani.

"Wifi, mtoto wa watu unampeleka wapi na tumbo hilo?"

"Kazini."

"Kazini! Tumbo lenyewe litafika kisiwani kabla yake."

Binti alicheka. "Afadhali huku kurudi nyuma, Shangazi. Ingekuwa kwenda mbele, ningekanyaga nisichokiona."

"Cheka tu. Umelala wewe? Nimekusikia ukigeuka kama samaki kwenye kikaango."

"Ni mgongo tu."

Bi Kinyumenyume alimtazama mkaza mwanawe, akataka kumwambia abaki, asimwambie. Alikumbuka kibaba cha unga kilichobaki. "Utafanya kule kwenye kivuli," alisema. "Mimi nitakumalizia."

&nbsp;

Siku hiyo wageni walitaka picha za jua likichomoza, wakaja mapema kuliko walivyotarajiwa. Boti ndogo ilikuwa imekwisha kuwachukua wanawake wa safari ya kwanza. Waliobaki ni wawili: Bi Kinyumenyume, ambaye ndiye aliyefunga kazi kila siku, na yule binti, ambaye mwendo wake ulikuwa umekuwa mzito. Firimbi alikuwa juu ya mwamba. Akaiona boti kubwa ikija, akapuliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

"Stoo! Ingieni stoo, upesi! Wageni hao!"

"Na boti yetu?" aliuliza Bi Kinyumenyume.

"Boti yenu itaingia kwenye picha. Mtachukuliwa baadaye."

"Baadaye lini, mwanangu?"

"Mimi si mwanao. Ingieni!"

Stoo ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya mwamba, kilichopakwa rangi ya jiwe ili nacho kisiwepo. Ndani mliwekwa reki, miavuli iliyovunjika na madumu ya mafuta. Hapakuwa na dirisha. Firimbi alishindilia komeo kwa nje, akaenda mbio kuwapokea wageni kwa shada na tabasamu, na kabla jua halijawa kali mabati yalianza kutatarika kwa joto.

"Mama," alisema binti baada ya muda, kwa sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe. "Maji yamenitoka."

Bi Kinyumenyume aligonga mlango. Aligonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mpangaji anayegonga kwa mwenye nyumba. Alipogonga tena na tena Firimbi alikuja, akanong'ona kwenye ufa, hasira ikimchemka puani.

"Nini nyinyi?"

"Mtoto anakuja."

"Mtoto gani?"

"Mkwe wangu anazaa! Hiyo boti yao ina injini mbili. Ituvushe, irudi. Hata chai yao haitapoa."

"Unawajua wale? Wale ni wageni wa mkurugenzi. Niwaambieje? Kwamba kisiwa kisicho na mtu kina mzazi stoo?" Alihema. Hakuwa shetani, alikuwa mtu aliyeogopa, na waoga wameua wengi kuliko mashetani. "Vumilieni, watakula kisha wataondoka. Na tafadhali, msipige kelele. Mkisikika leo, kesho hakuna kazi. Yenu, yangu, wala ya wenzenu wote. Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

Basi Bi Kinyumenyume alimlaza mkwewe juu ya kitambaa cha mwavuli uliochanika, akaukunja upindo wa kanga yake, akamtia mdomoni. "Uma hapa, mwanangu. Uma. Usilie, watasikia." Na yule binti, ambaye nyumbani hakuweza kuchomwa na mwiba bila kuwaita majirani, aliuma. Aliuma hadi kanga ikatoboka. Nje, hatua chache kutoka hapo, vijiko viligonga sahani, na mtu akaomba barafu.

Mtoto alizaliwa wageni wakiwa chakulani. Alikuwa mdogo, mwekundu, wa kiume. Alikaa kimya kama anayewaza, kisha akalia.

Alilia mara moja, kilio kirefu cha haki yake, kilichotoboa mabati na kuvuka mwamba. Vijiko vikasimama.

"Ni nini hiyo?" sauti ya mwanamke mgeni ilisikika.

 Kisha sauti ya Firimbi, nyororo kama siagi: "Ndege."

"Ndege gani?"

"Ni wa hapa tu, hapatikani pengine. Haonekani. Hulia mara moja, akanyamaza."

"Ooh!" wakasema wageni. Wakanyamaza wote, wakisubiri alie tena.

Na ndani ya stoo mtoto alifungua kinywa. Bi Kinyumenyume hakufikiri. Lau angalifikiri hangalifanya. Mkono wake ulinyanyuka wenyewe, kama unavyonyanyuka kufuta unyayo, ukashika upindo wa kanga, ukaziba kile kinywa kidogo kilichokuwa hakijajua maziwa. Miaka yote ile alikuwa amefundishwa jambo moja tu, kwamba isijulikane kuwa kuna mtu, naye alikuwa amelifuzu. Alimziba sauti, hakumziba pumzi. Tutamwamini hapo, maana yeye mwenyewe hadi leo hana la kujiaminisha. Mama wa mtoto alikuwa baina ya kuzimia na kuzinduka, macho yamepinduka.

Mtoto hakulia tena. Alipumua kifuani mwa bibi yake hadi kivuli cha mwamba kilipoifikia stoo, kisha akaacha kupumua, nao wageni walikuwa bado wanapiga picha.

&nbsp;

Firimbi aliwavusha mwenyewe. Alikaa nyuma penye usukani, akatazama kila mahali isipokuwa kile kifurushi.

"Mkifika hospitali semeni uchungu ulimwanzia nyumbani," alisema. Kisha baadaye: "Hakulia, sivyo? Mimi sikusikia kitu."

Bi Kinyumenyume alimwinulia macho. Ilikuwa rahisi kusema alilia. Lakini akisema alilia, ataulizwa ni nani aliyemnyamazisha.

"Hakulia," alisema.

Hospitali, muuguzi aliyechoka aliwakaripia mbele ya foleni nzima. "Nyinyi watu! Mnakaa nyumbani na uchungu siku nzima mkisubiri miujiza, mtoto akifa ndio mnatukumbuka. Mama mtu mzima, huna aibu?" Foleni ilimgeukia. Mama mtu mzima aliinamisha kichwa, akasema, "Tusamehe, mwanangu," na akauangalia mchanga uliokauka katika kucha zake za miguu.

Jioni Mwalimu wa msikiti wa mtaa aliitwa. Alikuwa mzee wa makamo, mpole, mwenye kuuliza kabla ya kuhukumu. Aliuliza lile linalopasa kuulizwa.

"Alipotoka, alilia? Alitikisika? Palikuwa na dalili yoyote ya uhai?"

Watu wote walimtazama Bi Kinyumenyume, kwa kuwa hapakuwa na shahidi mwingine.

"Hakulia," alisema tena. La pili lilitoka jepesi kuliko la kwanza.

"Basi ataoshwa, atavishwa kitambaa, atazikwa. Hakuna swala juu yake wala jina halimlazimu. Mungu awape subira." Na Mchoraji alimbeba mwanawe kwa mkono mmoja, kama mtu anayebeba mkate, wakamzika pembeni mwa makaburi, pasipo na alama.

&nbsp;

Siku zilizofuata, yule binti alikuwa akisema jambo moja.

"Nilimsikia."

Alilisema akiwa amelala, akalisema akiwa amekaa, akalisema maziwa yakimlowesha nguo. "Nilimsikia mwanangu. Alilia."

"Ni homa, mke wangu," alisema Mchoraji.

"Homa imeshatoka. Nilimsikia."

"Ulikuwa umezimia. Mama ndiye aliyekuwa macho, na amesema hakulia. Au mama ni mwongo?"

Bi Kinyumenyume alimpelekea maji. "Kunywa, mwanangu. Kunywa upoe." Kila aliposema nilimsikia aliletewa maji, hadi majirani nao wakajua, wakaanza kumjia na habari za mganga huyu na daktari yule. Mmoja alisema mlangoni, kwa sauti isiyotosha kunong'ona, kwamba ukoo wa yule binti una vichaa. Shangazi alimjibu kutoka ndani: "Na ukoo wako una wapita milangoni. Nani afadhali?"

Firimbi alikuja na bahasha. Ubani wa kampuni, alisema, na akaongeza kwamba nafasi ya reki ya bibi ipo pale pale, ila ya mkwe imeshapata mtu. Hakuingia ndani. Alisimama uani akijipepea kwa kofia, na alipomwona yule binti anamtazama kutoka dirishani alikumbuka shughuli akaondoka. Fedha ile ilikuwa unga, mafuta na dawa. Iliisha kama inavyoisha fedha ya maskini, bila kuaga. Na Bi Kinyumenyume alirudi kisiwani, akafagia, akarudi kinyumenyume, akaupita mlango wa stoo bila kuutazama.

&nbsp;

Kisha, mchana mmoja, Mchoraji aliingia uani na ubao mgongoni. Ulikuwa ubao mzuri, mpana, uliopigwa randa pande zote, na uso wa Mchoraji uling'aa kwa furaha ambayo watu wa nyumba ile walikuwa wameisahau.

"Nimepata kazi!" alisema. "Ya brashi, si ya mashine! Wanataka kitu cha mkono, cha asili. Kijana wa matangazo wa kampuni alinikuta bandarini, hakunijua wala sikumwambia mimi ni wa nani. Wanataka bango la kusimamishwa pale boti zinaposhusha."

"Alhamdulillahi," alisema Shangazi. "La nini, la kuuza soda?"

"La ndege."

"Kuku?"

"Ndege, Shangazi! Kisiwa kina ndege wa ajabu, haonekani, hata picha yake hawana. Nimeambiwa nibuni mwenyewe. Wageni wamemwandika kwenye mitandao, sasa watu wanakuja na darubini kumtafuta. Wanasema analia kama mtoto mchanga. Mara moja tu, halafu..."

Mchoraji aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akataka kuyarudisha, lakini neno si reki.  Yule binti alikuwa amesimama mlangoni akijishikilia kizingiti.

"Siku gani?" aliuliza.

"Sijui. Wanasema ile siku ya wageni wa mkurugenzi. Walipofika mapema."

"Saa za chakula?"

 Mchoraji aliuteremsha ubao taratibu kama unaoweza kuamka.

Binti hakumtazama mumewe. Alimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameinama juu ya sufuria, mwiko mkononi, mgongo umewaelekea. "Mama," alisema. "Kuna ndege kisiwani? Wewe uko kule miaka yote. Umewahi kumsikia?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari ulimini: ndiyo, yupo, nimemsikia. Angelisema, mwanawe angepata kazi, na mkwewe angepewa maji. Bi Kinyumenyume aliuweka mwiko. Aligeuka, akaja mbele, na wote waliona kwamba hakujua vizuri kwenda mbele. Aliijaribu kila hatua kama kipofu.

"Si ndege," alisema. "Alilia. Alilia kwa mapafu mazima, kilio cha mtoto wa kiume. Walimsikia wote. Firimbi akasema ni ndege. Alipotaka kulia tena, nilimziba." Aliuinua mkono wake, akawaonyesha, kama watu wasioujua mkono. "Kwa upindo wa kanga. Nilimziba sauti. Akapumua, akapumua, akaacha. Nami nikasema hakulia."

Shangazi alisema, "La haula," na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza kitu.

Mchoraji alitoka mbio hadi ukutani, akaupiga ngumi, akarudi, akasimama mbele ya mama yake, na hakujua mtoto anamfanya nini mama mzazi katika hali kama hiyo. Ni mkewe aliyesema, wala hakupaza sauti.

"Nilikwambia, Mama. Nilikwambia kila siku. Ukanipa maji."

"Nilikupa."

"Ukaniacha niitwe kichaa."

"Nilikuacha."

"Kwa ajili yao? Kwa ajili ya watu wanaokula barafu?"

 Mama mkwe alijifunga kanga, ile ile yenye alama za meno, akamwambia mwanawe, "Nipeleke kwa Mwalimu. Nitasema mbele yake, na mbele ya msikiti mzima wakitaka."

&nbsp;

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, macho yake chini.

"La mkono wako lina mahali pake," alisema, "na tutalizungumza kwa muda wake, mimi na wewe na vitabu. La mtoto halingoji. Aliyelia ni mtu. Alikuwa na haki ya jina, tukamnyima. Alikuwa na haki ya swala, tukamnyima. Nami ni mmoja wa walionyima, kwa kuwa niliuliza mara moja nikatosheka." Aliinuka, akavaa viatu. "Kaburi nalo huswaliwa. Waiteni watu."

Watu walikuja, wengi kuliko waliotarajiwa, na miongoni mwao wanawake wa reki, ambao walisimama kando wakiwa na sare zao, kwani wengine hawakuwa na nguo nyingine iliyo safi. Safu zilipangwa mbele ya kipande kidogo cha udongo kisicho na alama. Mwalimu alimuuliza baba jina, na baba akamgeukia mkewe, naye akalitaja la marehemu babu wa mtoto, mume wa yule aliyemziba. Bi Kinyumenyume aliposikia jina la mumewe likitajwa, hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mchana, mbele za watu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mchoraji alifanya kazi usiku ule hadi asubuhi. Ndege hakumchora. Aliandika kwa herufi zake nzuri za mkono, nyeusi juu ya nyeupe, jina la mwanawe na lake mwenyewe kama baba, na chini yake maneno machache: Alizaliwa kisiwani, akafia kisiwani.

Baada ya siku chache Firimbi alikuja, akiwa na yule kijana wa matangazo. Safari hii aliingia hadi katikati ya ua.

"Bango letu liko wapi?"

"Ubao wenu?" alisema Mchoraji. "Uko makaburini, umesimama kichwani pa mwanangu. Nenda kaung'oe. Lakini nenda mchana, watu wakuone."

Kijana wa matangazo aliuliza ni mtoto gani. Wote walimtazama Firimbi, hata kijana naye akamtazama.

"Mtalipa ubao," alisema Firimbi. "Na zile hela za ubani, mmezila."

"Tumezila," alisema Shangazi. "Tulikuwa na njaa. Nenda kawaambie na hilo."

"Na wewe bibi," alimgeukia Bi Kinyumenyume, sauti ikimpungua. "Reki yako basi."

Bi Kinyumenyume alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Hiyo reki," alisema, "mpe ndege wako."

&nbsp;

Nyumba ile haikupata nafuu. Ingekuwa uongo kusema ilipata. Mchoraji anabeba mizigo bandarini, na mkewe hazungumzi na mama mkwe ila la lazima, ingawa siku moja alimpa kikombe cha maji bila kuombwa, na wote wawili walikitazama kile kikombe kwa muda mrefu. Ubao bado umesimama makaburini. Hakuna aliyekwenda kuung'oa.

Kampuni ilinunua ubao mwingine na mchoraji mwingine. Ndege amechorwa, ana mkia mrefu na kishungi chekundu, na wageni hupiga picha naye. Mchana, kabla ya chakula, huombwa wanyamaze, huenda akalia. Hukaa kimya, darubini machoni, kijiko hakigongi sahani.

Lakini wanawake wanaofungiwa stoo boti inapochelewa hawanong'oni tena. Hakuna aliyewaamuru, walianza tu, siku moja baada ya ile swala. Wageni wakinyamaza, kutoka nyuma ya mwamba husikika watu: mwanamke anakohoa, mwingine anamsema mumewe, mwingine anacheka hadi mabati yanatikisika, mwingine anamwita mwenzake kwa jina lake lote. Husikika wazi, mwanzo hadi mwisho.

"Ni nini hiyo?" huuliza mgeni.

Na Firimbi, ambaye uongo wake wa ndege ulimfaa mara moja tu, husimama mbele yao na tabasamu limemganda.